Kumwita Mtu Mvivu: Utangulizi kwa Wanaoanza Isimujamii

Neno la Kiingereza "lazybones" halimsumbui mtunzi wa kamusi. Analiandikia maneno machache, mtu mvivu, lugha ya mazungumzo, kisha anaendelea na neno linalofuata. Mwanafunzi wa kidato cha pili pale Kayanga, wilayani Karagwe, anaweza kulikariri kabla kengele ya mapumziko haijalia. Tuseme siku ya mahafali, wazazi wamejaa ukumbini, mwanafunzi huyo anasimama kumsifu mkuu wa shule, na kwa Kiingereza kisicho na kosa la sarufi anatangaza kwamba mkuu wao hajawahi kuwa "lazybones". Wenzake wanaangua kicheko, mkuu anajifanya kupanga karatasi, na msifiaji anaketi akijiuliza amekosea wapi. Maana aliijua. Ambalo hakulijua ni kwamba neno hilo ni la nyumbani: mzazi humwambia mtoto aliyegoma kuamka, rafiki humtania rafiki. Kulipandisha jukwaani mbele ya wageni, hata kwa kulikanusha, ni kumshusha anayesifiwa. Elimu inayochunguza mambo ya namna hiyo huitwa isimujamii, na kijitabu hiki ni mlango wake mmoja.

Karibu. Wapo wanaoingia katika taaluma hii kupitia salamu, wengine kupitia majina ya ukoo au lugha ya vijana wa mjini. Sisi tunaingia kwa majina anayopewa mvivu, na tunaanzia katika wilaya mbili za Kagera: Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012. Sababu ni nyepesi. Majina haya ni mafupi, kila lugha inayo, na hakuna anayeyatumia bila kuegemea upande. Hoja yetu ya msingi ni kwamba jina la mvivu hutueleza machache kuhusu anayeitwa na mengi kuhusu anayeita: ni kazi ipi anayoihesabu kuwa kazi, na amejipa cheo gani hata akamhukumu mwenzake. Kwa hiyo kila tukikutana na jina la namna hii tutauliza maswali matatu. Nani anamwambia nani? Ni kazi gani inayodaiwa? Na anayeambiwa anaruhusiwa kujibu nini?

Tuyajaribu maswali hayo kwa neno tulilolizoea. Asubuhi, katika nyumba mojawapo ya Nkwenda, wilayani Kyerwa, mama anagonga mlango wa chumba cha wavulana: "We goigoi, hebu amka, wenzako wameshafika kwenye migomba!" Kijana anacheka huku akitafuta ndara zake. Saa nne mtendaji wa kijiji akimwita kijana huyo huyo goigoi katika mkutano wa hadhara, hakuna atakayecheka. Baba mtu atanyoosha mkono aombe nafasi ya kusema. Mchana, kwenye kazi ya kijiji ya kuchimba mtaro, mwenzake atanong'ona, "Huyu anategea." Hapo lawama imebadilika kabisa. Anayetegea si mlegevu wa mwili, ni mjanja wa hesabu: anashika sululu, lakini anangoja wenzake wamalize sehemu ngumu. Jioni babu atamtania mjukuu kwamba kwa uvivu wake hatapata mke, naye mjukuu atamrudishia babu kwa kumuuliza mbona yeye ameshinda kibarazani tangu asubuhi. Wote watacheka, maana baina ya babu na mjukuu upo utani. Mjukuu huyo huyo hathubutu kumjibu hivyo mjomba wake, sembuse baba mkwe.

Siku moja, kijana mmoja, lawama nne. Kamusi ingetuambia kwamba zote zinahusu uvivu na ingekuwa imesema kweli, ila isingetuambia kwa nini ya kwanza ni upendo, ya pili ni ugomvi, ya tatu ni mashtaka na ya nne ni mchezo. Kazi ya kueleza tofauti hiyo ndiyo kazi ya isimujamii.

Sasa tazama maumbo. Maneno yanayokubalika ofisini na mahubirini yamekaa katika ngeli ya watu: mvivu na wavivu, mzembe na wazembe. Maneno makali zaidi yana tabia ya kuikimbia ngeli hiyo. Goigoi, doezi na kupe hayana kile kiambishi cha m- kinachomtangaza mtu kuwa mtu, ingawa upatanisho wake hubaki wa kibinadamu, kwani tunasema goigoi huyu amelala. Hasira ikipanda, hata upatanisho huondoka: "Jitu zima limelala mpaka saa hizi!" Katika sentensi hiyo fupi mtu amehamishwa na sarufi yenyewe. Runyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe, kama ndugu zake Ruhaya na Runyankore, ina viambishi vya ngeli vingi kuliko Kiswahili, kikiwemo aka- cha kumdogosha mtu au kitu. Kwa hiyo mzungumzaji wa Karagwe ana njia zaidi za kumpandisha na kumshusha mwenzake bila kubadili mzizi wa neno. Msomaji anayeijua lugha hiyo ana mtaji mkubwa mkononi: achukue jina moja la mvivu, alipitishe katika ngeli mbalimbali, asikilize linapoanza kuchekesha na linapoanza kuudhi.

Kiingereza hakina ngeli, lakini kinafanya jambo linalofanana kwa njia nyingine. Kinamwondoa mtu na kuweka sehemu yake, au kitu. "Lazybones", neno lililokuwapo tangu karne ya 16, linataja mifupa, na ingawa kwa umbo linaonekana la wingi, humwita mtu mmoja. Kisha ikaja televisheni, na miaka ya 1970 huko California, Marekani, likazuka neno "couch potato", yaani kiazi cha kwenye kochi: mtu anayeshinda ameketi akitazama vipindi. Neno hilo lina kisa ambacho kila mkulima atakielewa. Mwaka 2005 wakulima wa viazi wa Uingereza waliandamana mbele ya Bunge jijini London wakitaka liondolewe katika kamusi ya Oxford, kwa madai kwamba linaliharibia sifa zao lao. Halikuondolewa. Kamusi hurekodi yanayosemwa na watu, hata kama yanamkera mwenye shamba.

Wakulima wale walikuwa wameligusa jambo zito. Jina la mvivu huweza kutoka jikoni na kwenda kwenye siasa, na likifika huko hupata meno. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani walilitumia neno "slacker", ambalo kabla ya hapo lilikuwa lawama ya kawaida kwa mtegaji, kumtaja mtu aliyekwepa kuandikishwa jeshini. Sheria nayo ilikuwa imetangulia. Mwaka 1824 Uingereza ilitunga sheria ya kuwaadhibu wazururaji. Wazo hilo likasafirishwa hadi makoloni, likaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, na hadi leo vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vinataja watu wakaao bure na wazururaji. Mtu anayesoma Kiingereza kwa kukariri maana peke yake hawezi kuona kwamba kutoka utani wa mama hadi pingu za polisi kuna hatua chache tu.

Kiswahili chetu cha siasa kimetembea njia hiyo hiyo. Kaulimbiu ya Uhuru na Kazi ilimfanya asiyefanya kazi aonekane mpinzani wa uhuru wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kupe, mdudu ambaye kila mfugaji wa Karagwe anamjua kwa jina na kwa hasara, akawa mtu: anayeishi kwa jasho la wengine. Mwinyi, jina la heshima pwani, likazaa umwinyi, tabia ya kutaka kutumikiwa. Mwanahistoria James Brennan ameonyesha jinsi msamiati huo wa unyonyaji ulivyotumika kuamua nani ni raia mwema wa mji na nani hastahili kukaa mjini. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na misako ya kuwakamata wasio na kazi mijini ili warudishwe vijijini. Miongoni mwa waliosumbuliwa walikuwamo wachuuzi wadogo, watu walioamka kabla ya jua na kulala baada ya wote. Walikuwa wakifanya kazi. Isipokuwa haikuwa kazi iliyoandikwa katika vitabu vya serikali. Baadaye, kwa mzunguko wa ajabu, nguvu kazi likawa jina la leseni ya biashara ndogondogo. Mwaka 2015 wimbi la kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu lilipovuma, maneno uzembe na uvivu yalirudi kwenye majukwaa yakiwa na sauti mpya.

Kwa nini basi tumeanzia Karagwe, wakati mifano ya Dar es Salaam iko tele? Kwa sababu hapa swali la nani ni mvivu lilikwisha kuwa gumu kabla ya shule, kabla ya Wajerumani na kabla ya chama chochote. Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Walipokewa kwa ukarimu ambao Speke mwenyewe aliusifu: amri ilitolewa kwamba msafara wao ulishwe kwa gharama ya mfalme. Speke alikaa hadi Januari 1862 alipoondoka kwenda Buganda, na Grant, aliyeugua mguu, akabaki nyuma akiuguzwa. Kitabu cha Speke kilichapishwa mwaka 1863. Katika utangulizi wake aliwaeleza Waafrika kuwa wavivu kwa asili, watu wasiofanya kazi ila kwa kulazimishwa. Kwetu kuna msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikula wiki kadhaa bila kuonyeshwa jembe, kisha akawaita wenyeji wake wavivu.

Uliza maswali yetu matatu. Nani anasema? Msafiri ambaye mizigo yake ilibebwa na wapagazi. Kazi gani? Ile iliyomfaa yeye, ya kubeba na kusonga mbele haraka. Anayeambiwa anajibu nini? Hakuwa na nafasi ya kujibu, kwa kuwa kitabu kiliandikwa kwa lugha asiyoijua na kusomwa London.

Lakini tusikimbilie kumcheka mgeni na kuacha ya ndani. Katika ufalme wa Rumanyika Speke aliona jambo lililomshangaza: wanawake wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa tangu usichana hadi wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama. Alifikia hatua ya kuomba kumpima mmoja wao kwa futi. Kwa macho ya leo, mwanamke asiyeinuka kutwa angepewa kila jina la mvivu lililomo katika kijitabu hiki. Karagwe ya wakati ule haikumwita hivyo. Utulivu wake ulikuwa cheo, ushahidi wa mifugo na wa mikono mingi iliyomtumikia. Kwa Wahima wa tabaka la juu, jembe halikuwa lao. Lilikuwa la Wairu, waliolima ndizi na nafaka. Israel Katoke, katika historia yake ya ufalme wa Karagwe iliyochapishwa Nairobi mwaka 1975, anampa msomaji picha pana ya jamii hiyo na tawala zake. Kutofanya kazi ni kitu kimoja. Kuitwa mvivu ni kitu kingine, na mara nyingi hakimpati aliye juu.

Hapo ndipo Karagwe inapotusaidia hata kumsoma Mwalimu Nyerere kwa makini. Katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa aliutumia msemo ule ule wa mgeni na jembe, akieleza kwamba katika jamii ya Kiafrika ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kama wito wa kujenga taifa, hoja hiyo ilikuwa na nguvu kubwa. Kama maelezo ya ikulu ya Rumanyika huko Bweranyange, inahitaji kusahihishwa. Mwanafunzi wa isimujamii halazimiki kuchagua kati ya kumheshimu Mwalimu na kuuliza swali. Anatakiwa kufanya yote mawili.

Taaluma yenyewe imekua kwa kuuliza maswali ya namna hiyo. Mwaka 1977 msomi wa Malaysia, Syed Hussein Alatas, alichapisha kitabu kuhusu hadithi ya mwenyeji mvivu. Akionyesha mifano ya Malaya, Java na Ufilipino, alieleza kwamba wakoloni waliwaita wavivu hasa wale waliokataa kuajiriwa katika mashamba yao makubwa, hata kama watu hao walikuwa wakijilimia na kuvua samaki kila siku. Mwaka 1980 Göran Hydén, aliyekuwa amefanya utafiti wake wa awali Bukoba, alieleza kuwa mkulima wa Tanzania mwenye shamba lake na chakula chake anao uwezo wa kuikwepa serikali inayomtaka azalishe zaidi. Mwaka 1985 James Scott, baada ya kuishi katika kijiji cha Malaysia, alisema kwamba kufanya kazi kwa kujivuta kunaweza kuwa silaha ya mnyonge. Wamepingwa na kusahihishwa, hasa Hydén, lakini baada yao hakuna mtafiti makini anayeandika neno mvivu bila kuuliza limetoka kinywani mwa nani.

Na maswali hayo hayajazeeka. Chukua butura. Kila mtu wa Karagwe na Kyerwa anaijua: mkulima mwenye shida ya fedha anamuuzia mlanguzi kahawa yake ikiwa bado maua au ikiwa mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anayevuna ni mwingine. Serikali imeipiga vita, na vyama vya ushirika, kikiwemo chama kikuu cha Karagwe, KDCU, vina kila sababu ya kuichukia. Lakini sikiliza anavyosemwa aliyeuza butura. Husemwa kuwa mvivu asiyetaka kungoja, au mlevi, au asiyejua kupanga. Kisha kaa naye chini, umuulize aliuza mwezi gani na kwa nini. Utakuta ada ya shule, au mgonjwa, au msiba ulioangukia miezi ile ambayo kahawa haijawa fedha. Neno mvivu limefunika kalenda nzima ya mapato. Aliyelitumia hakudanganya kwa makusudi. Alitumia neno lililokuwa karibu, na neno hilo likamwondolea kazi ya kuuliza.

Mfano wa pili ni wa kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uligunduliwa mkoani Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Kuudhibiti kunataka ua dume likatwe mapema kwa mti wenye panda, panga lisafishwe kwa moto au dawa kila linapotoka kwenye shina, na mashina yaliyougua yang'olewe. Mpita njia asiyejua anaona shamba lenye mapengo na majani makavu, naye anahitimisha kwamba mwenye nyumba ni mzembe. Huenda mwenye nyumba ndiye amefanya kazi kubwa kuliko jirani, kwa sababu ameng'oa mashina aliyoyapanda baba yake. Kazi ya kuondoa haionekani kama ya kupanda, na majina ya uvivu humwangukia mtu ambaye kazi yake haionekani. Kwa kanuni hiyo hiyo, mwanamke aliyechota maji, akapika, akaogesha watoto na kupalilia, anaweza kuambiwa jioni kwamba ameshinda nyumbani tu.

Vifaa vya kuanzia viko karibu. Kwa Kiswahili unayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza na TUKI mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015. Tazama maneno gani ya mtaani yameingia na yapi bado yako mlangoni. Kwa Runyambo ipo kazi ya Josephat Rugemalira, iliyoorodhesha msamiati wa lugha hiyo pamoja na maana zake kwa Kiswahili na Kiingereza, na kwa jirani yake Ruhaya ipo kamusi ya Henry Muzale. Zote mbili zimetokana na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zaidi ya vitabu, unayo masikio. Gulio la Omurushaka, kituo cha kukusanyia kahawa, daladala ya kwenda Murongo ambako Kiingereza cha Uganda kinavuka mto kila siku: kila mahali hapo patakupa zaidi ya mfano mmoja kabla ya saa sita mchana.

Unapoandika ulichokisikia, andika umri na uhusiano wa waliosema, pasipo majina yao. Andika kazi iliyokuwa ikizungumzwa. Andika jibu, hata kama jibu lilikuwa kunyamaza, maana ukimya wa mkwe si sawa na ukimya wa mshtakiwa. Usimwombe mtu akutajie matusi yote anayoyajua. Atakupa orodha isiyo na uhai. Ngoja litokee lenyewe.

Ukishazoea kufanya hivyo kwa lugha yako, Kiingereza kitakuwa chepesi zaidi. Utakapokutana na neno jipya la mazungumzo katika filamu au riwaya, hutaridhika na maana yake. Utatazama ni nani amelisema, kama aliyeambiwa alicheka, na kama lingesemwa vivyo hivyo mbele ya bosi. Ukilisikia mara tatu kwa marafiki wa rika moja na hata mara moja hujalisikia kwa mdogo akimwambia mkubwa, umekwisha kupata kanuni ambayo mwalimu wako huenda hakuwahi kuiandika ubaoni.

Sura ya kwanza inaanza na zoezi, nalo halihitaji kamusi. Orodhesha watu kumi wa kijijini kwenu au mtaani kwenu ambao hawashiki jembe wala hawabebi mzigo: mzee, mwenye duka, kiongozi, kijana wa kijiweni, mgonjwa, mwanafunzi, yeyote. Mbele ya kila mmoja andika kama umewahi kumsikia akiitwa mvivu, na aliyemwita ni nani. Kisha tazama wale ambao nafasi yao imebaki tupu, na ujaribu kueleza kwa sentensi mbili ni kitu gani kinachowalinda.